Rangi Iliyowalea Wadogo Zangu

Siku tulipovunja matanga ya mama, nyumbani kwetu Kihesa, Iringa, walikuwapo watu hawa: baba mkubwa Vitalisi, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, shangazi Kristina, dada yao, mjomba Edimundi, upande wa mama, katekista Alfonsi, aliyekuja kuongoza sala, wadogo zangu watatu, Luka, Yusta na Beno, wamekaa kwenye mkeka mmoja, na mimi Anjelina, mkubwa wao, nimesimama mlangoni na birika la chai. Mwingine alikuwa Fundi Gaudensi, ambaye hakuwa ndugu wala jirani. Alikuwa mwandika mabango wa Mlandege, na asubuhi hiyo alileta msalaba wa kaburi la mama, rangi ya jina ikiwa haijakauka vizuri. Aliambiwa akae kidogo anywe chai.

Nawataja wote kwa sababu ninyi mliobaki karakana mmeniuliza mara nyingi nilianzaje kazi hii, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato, mkono mmoja ukiwa na brashi. Sasa muda ninao. Daktari amenikataza tina na tapentaini, vile vya kuyeyushia rangi, kwa ajili ya kifua, na mchoraji wa rangi ya mafuta aliyekatazwa tina ni sawa na mpishi aliyekatazwa moto. Vyeo sikuwahi kuwa navyo, kwa hiyo hamtachoshwa navyo.

Baada ya sala baba mkubwa alisimama akasema watoto hawawezi kukaa peke yao. Luka aende kwa mjomba wake akachunge ng'ombe. Yusta afuatane na shangazi, maana shangazi alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na msaidizi. Beno, aliyekuwa bado analowesha kitanda, angemchukua yeye mwenyewe.

"Na huyu mkubwa?" mjomba akauliza.

"Anjelina? Huyu ataolewa."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama. Sikuwa na neno la maana la kusema mbele ya wazee, lakini nilijua kwamba wale watatu wakishatoka kwenye ule mkeka, kuwakusanya tena itakuwa ndoto. Nikasema, "Baba mkubwa, mimi nitawalea."

"Kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kwa kazi."

"Kazi ipi? Hiyo ya kumimina chai?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Ndipo Fundi Gaudensi, kutoka kwenye kona yake, akaweka kikombe chini akasema, "Nimeshamwajiri. Anaanza kesho."

Baba mkubwa alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani ndani ya shamba lake. "Fundi, tangu lini wasichana wanapanda ngazi?"

"Tangu kesho."

Katekista alikohoa ili asicheke. Wazee wakanong'ona, kisha baba mkubwa akatoa hukumu: tukae pamoja mpaka mahindi yavunwe. Siku hiyo angekuja mwenyewe, na kama angekuta mtoto mmoja tu ana njaa au ameumia, angewachukua wote.

Kesho yake nilifika Mlandege mapema, nimevaa suruali ya baba chini ya khanga. Fundi alikuwa anakoroga rangi ya kijani kwenye kopo la maziwa.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Umefuata nini, binti?"

"Kazi."

Aliacha kukoroga. "Kazi sina. Jana nilisema vile kwa sababu yule mzee alikuwa anawagawa wenzio kama miche ya kabichi. Nilidhani ungepata siku mbili tatu za kujipanga."

"Lakini walisikia wote," nikamwambia. "Hata katekista."

Alijikuna kidevu, akajiachia alama ya kijani. "Tatizo ni katekista," alisema. Akanipa kipande cha msasa na ubao.

Siku za kwanza nilipiga msasa tu. Vijana wa sasa mnanunua ubao tayari mlaini, hamjui uchungu wake. Kisha akanifundisha kuosha brashi: kwanza mafuta ya taa, halafu sabuni ya mche, halafu unainyoosha nywele kwa midomo, jambo ambalo nawakataza ninyi na ambalo huenda ndilo lililokiharibu kifua changu. Akanifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kuegemeza mkono kwenye fimbo yenye kichwa cha kitambaa, na kuvuta brashi huku unatoa pumzi, kamwe si unapoivuta ndani. Katika kuandika alikuwa na neno moja: usitazame herufi, tazama uwazi ulio kati yake. Herufi mbaya zilizokaa kwa nafasi nzuri zinasomeka. Herufi nzuri zilizobanana zinafanana na foleni ya maji.

Ngazini nilisemwa sana. Wapita njia walisimama chini. "Dada, shuka, utamwangukia mchumba!" Fundi alikuwa anajibu bila kugeuka, "Akikuangukia wewe utavunjika shingo. Sogea."

Mahindi yakakauka. Kipindi hicho tulikuwa na kazi ya bucha moja, bango kubwa la ng'ombe mwekundu, na kwa kuwa karakana ilikuwa ndogo, nililichukua nyumbani nikalimalizie. Nilichora mwili, nikawaacha wadogo zangu wajaze rangi pembeni. Nikaingia jikoni kusonga ugali. Nikasikia kelele za mtu mzima uani.

Baba mkubwa alikuwa amefika. Amemshika Beno mikono yote miwili, na mikono hiyo ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. "Mtoto ameumia! Mnamwangalia tu! Si nilisema? Luka, lete maji! Wote mnaondoka leo hii!"

Beno aliogopa akaanza kulia, na kulia kwake kukathibitisha kila kitu. Nilitoka na mwiko mkononi. Yusta ndiye aliyesema, kwa sauti yake ndogo, "Ni ng'ombe, baba mkubwa."

"Ng'ombe amempiga?"

"Hapana. Anampaka rangi."

Akaunusa mkono wa Beno. Akaunusa tena. Ndipo akaliona bango limeegemezwa ukutani. Yule alikuwa mtu wa mifugo tangu utoto wake. Alimwachia Beno polepole, akasogea, akachuchumaa mbele ya ng'ombe wangu.

"Nani amemchora huyu?"

"Mimi."

"Pembe zimekaa vizuri. Lakini kiwele kiko juu mno. Ng'ombe wa namna hii hana maziwa."

"Ni bango la bucha, baba mkubwa."

"Hata kama ni la bucha."

Nikaleta brashi. Alinielekeza kwa kidole, shusha hapa, ongeza pale, mguu wa nyuma haukunji hivyo, mpaka ugali ukapoa. Tulikula pamoja. Alisema chumvi imezidi, akachukua fimbo yake, akaenda. Hakumchukua mtoto hata mmoja. Mavuno yaliyofuata alikuja tena, ila alipitia kwanza kwenye ile bucha kumwangalia ng'ombe wake.

Tangu siku hiyo nina kanuni: kabla ya kuchora kitu, mtafute anayekifuga, anayekilima au anayekivaa, umuulize. Sio heshima tu. Ni kuokoa rangi.

Miaka ikaenda. Luka alikua, akaenda Mafinga kujifunza useremala kwa hiari yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza ule mkeka kupungua bila mtu kuamriwa. Mabango ya plastiki yakaanza kuja, yamechapwa kwa mashine, na wenye maduka wakaacha kutuita. Fundi aliniambia, "Mimi nitazeeka na kazi hii. Wewe usizeeke nayo. Nenda uchore picha." Nikafunga mizigo, nikamchukua Yusta na Beno, tukapanda lori la mbao mpaka Mbeya, tukapanga chumba Mwanjelwa, ambacho mmoja wenu sasa anatumia kuwekea turubai.

Kazi ya picha ilianza na marehemu. Watu wa milimani juu ya mji, wakulima wa viazi na pareto, walikuwa wanaleta picha ndogo ya kitambulisho, wanataka ikuzwe, itiwe rangi, itundikwe sebuleni siku ya kumaliza msiba. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu nilijua wanachotafuta. Lakini ilikuwa na mitego yake.

Familia moja ilileta picha ya baba yao amevaa koti zuri jeusi. Nilihangaika na lile koti, kola zake, vifungo, mng'ao wa kitambaa begani. Siku ya kuifunua picha, shuka liliposhushwa, akasimama mzee mmoja katikati ya waombolezaji.

"Hilo koti ni langu!"

"Kaka, kaa chini," wakamwambia.

"Sikai! Aliliazima kwangu siku ya kupiga picha. Mimi niko hai, koti langu linafanya nini kwa marehemu?"

Mjane akasema, "Shemeji, si picha tu?"

"Picha tu? Basi achorwe na gari langu pia!"

Ilibidi picha irudi. Nikamvalisha marehemu sweta. Mjane akaja kuiangalia, akaniambia kwa upole kwamba sweta mume wake alilichukia maisha yake yote, alisema linamwasha shingoni. Mwishowe nilimchora na shati jeupe, kifungo cha juu wazi, katika baridi ile ya Mbeya. Mjane aliitazama akacheka, akasema ndiye huyo, hakuwahi kumsikiliza mtu aliyemwambia ajifunike. Ndiyo maana mteja akileta picha ya marehemu, swali letu la kwanza pale karakana ni nguo ni ya nani. Msione aibu kuliuliza.

Baadaye nikaanza milima, masoko, migomba ya Tukuyu, vitu ambavyo wageni na wenye hoteli wanapenda. Kitambaa chetu cha kuchorea kilikuwa marekani, ile pamba nyeupe ya bei rahisi, tunakipaka gundi ya mbao na rangi nyeupe. Fremu alituletea Luka kutoka Mafinga, na za mwanzo alizikata kwenye msonobari mbichi. Ilipofika kiangazi zikajipinda zote, picha za ukutani zikawa kama zimeinua bega moja. Nilimpigia simu. Akasema, "Dada, mbao na watoto havikauki kwa haraka." Nikamwambia asinifundishe habari za watoto.

Kosa langu kubwa la biashara lilikuwa la baridi. Mzee Kanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako tulinunua rangi, alitaka mlima Loleza asubuhi ukiwa na ukungu, apeleke kwa binti yake aliyekuwa anaolewa Iringa. Ulikuwa mwezi wa saba. Mbeya mwezi wa saba rangi ya mafuta haikauki, inakaa tu. Niliweka jiko la mkaa chumbani, nikagusa kwa kidole, nikajidanganya kwamba imekauka. Nikaifunga kwa magazeti, ikapanda basi.

Walipoifungua kwenye harusi, anga yote ya Loleza ilikuwa imejaa maandishi ya yale magazeti, kinyumenyume. Matokeo ya mpira upande mmoja, tangazo la mbolea upande wa pili. Nilikwenda dukani nikiwa tayari kuomba msamaha na kuichora upya. Mzee Kanti alikuwa nyuma ya kaunta na mke wake.

"Anjelina, binti yangu anakusalimu."

"Mzee, nisamehe, nitachora nyingine."

"Usichore. Mkwe amekataa kuirudisha. Anaisoma kwa kioo."

Mkewe akasema, "Amejua timu yake ilifungwa. Ndoa imeanza na huzuni."

Walicheka mpaka wakalia, nami nikacheka, lakini tangu hapo hakuna picha inayotoka karakana mwezi wa sita, wa saba au wa nane bila kulala darini kwanza. Kidole kinadanganya. Nusa. Rangi mbichi inanuka hata ikiwa imeshika ngozi juu.

Kuhusu kuuza, nina machache. Mteja akitazama picha, ondoka pembeni yake, kajifanye unatafuta kitu. Bei usiitaje ukiwa umeshika brashi, maana ataona ni kazi ya mkono tu. Na akikuuliza umechora kwa siku ngapi, mwambie maji ya chai yamechemka. Ukitaja siku, ataigawanya bei kwa siku hizo mbele yako, na picha itakuwa kibarua. Mkiacha picha hotelini kwa mali kauli, kwamba mlipwe zikishauzwa, pitieni kila mara. Si kwa sababu ya kuibiwa. Wanazitundika varandani na jua linakula buluu yote, na picha ya ziwa inageuka shamba la mpunga.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yusta alisoma, akawa mwalimu, akaolewa Uyole. Beno ndiye alikuwa wa mwisho kutoka. Siku ya harusi yake nilimwona anatoka kanisani na mkewe, Luka upande huu, Yusta upande ule, wote wameondoka nyumbani kwa miguu yao na kwa wakati wao, na hakuna aliyegawiwa kwa mtu. Nilirudi chumbani Mwanjelwa nikalala mchana kweupe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimefika. Tangu siku hiyo nimefanya kazi kwa raha tu, na hata daktari aliponikataza tina, ukweli ni kwamba sikulia. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa sasa unaweza kutua mzigo, kumbe mzigo ameshautua zamani, amebaki na kata ya kubebea kichwani.

Kilichobaki ni hiki.

Muda mfupi kabla ya Fundi Gaudensi kufariki, nilikwenda kumwona Iringa. Alikuwa amelala, lakini akili yake nzima. Alinishika mkono akauchunguza kama anavyokagua brashi. Kisha akasema, "Ile siku ya chai, nafasi ilikuwapo. Nilikudanganya kesho yake kwamba sina."

"Ilikuwapo?"

"Ilikuwa na mwenyewe. Festo, mtoto wa dada yangu. Alikuwa amefika kutoka kijijini jana yake na kifurushi chake, aje ajifunze. Chakula na kazi vilitosha mtu mmoja. Ulipokuja, nikampandisha basi arudi."

"Kwa nini hukuniambia, fundi?"

"Ungeondoka."

Ni kweli, ningeondoka. Na kama ningeondoka, mahindi yangevunwa na wadogo zangu wasingekuwapo pamoja. Nilimwosha miguu, nikakaa naye mpaka dada yake alipoingia, yule yule mama yake Festo, ambaye alinisalimu vizuri kabisa.

Baada ya mazishi ya fundi nilimtafuta Festo. Anaishi Ruaha Mbuyuni, analima vitunguu. Nilimkuta uani kwake kati ya magunia yaliyojaa, ameshika kopo la rangi nyeusi, anaandika alama za wenye mali kwenye magunia ya kijiji kizima kabla lori halijaja. Mzee mwenzangu, mvi tupu. Nilisimama nyuma yake nikatazama. Uwazi kati ya herufi ulikuwa sawasawa. Hakuna aliyemfundisha.

Nilijitaja. Alinitazama, akaweka kopo chini.

"Kumbe wewe ndiye yule msichana wa suruali."

"Ulinijua?"

"Nilikuona kutoka dirishani mwa basi. Ulikuwa unapiga msasa. Nikasema, angalau hachezei ubao."

Nilimweleza kila kitu: mkeka, mavuno, Luka, Yusta, Beno. Nikamwambia nina deni kwake na nimekuja kuuliza nalilipaje. Mke wake alikuwa anapepeta mchele pembeni, anasikiliza bila kujificha.

Festo alifikiri. "Mimi najua magunia tu," alisema. "Nifundishe kuchora sura ya mtu."

"Sasa hivi? Katika umri huu?"

"Wewe si ndiye uliyekuja kuuliza?"

"Sura ya nani?"

Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. Mama yule hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Aanze na punda wetu kwanza azoee," alisema. "Mimi nitakaa nikimwona punda amepona mkononi mwake."

Tulikubaliana aje Mbeya vitunguu vikishauzwa. Msimu ule bei ilianguka, akashindwa kuja. Uliofuata mafuriko yalikula shamba. Juzi amenipigia simu, anasema mwaka huu vitunguu vimekaa vizuri na punda mzima.

Mimi mafuta siwezi kuyagusa tena, ila rangi ya maji naiweza, nje, kwenye hewa. Basi nawaomba ninyi jambo moja. Akishuka basi nami nisipokuwapo, mpokeeni, mpeni stuli ya dirishani, mfundisheni kushika brashi, kuchanganya kahawia, kugawa uso kwa mistari, yote hayo sawa. Lakini sura ya mke wake msiiguse. Msimwelekeze hata jicho moja. Mwambieni anisubiri. Hiyo ni ya kwangu kumfundisha, na bado sijamfundisha.